Jina si Faili: Mhadhara juu ya Viungo vya Kompyuta, Kilo, Ituri



Kompyuta ya Linux iliyorekebishwa saa yake sawasawa hapa Kilo haina faili la saa linaloitwa Kilo, wala Bunia, wala Ituri. Fungua orodha yake ya saa za dunia na utakuta Kongo yetu yote imepewa majina mawili tu, Kinshasa na Lubumbashi. Sisi wa mashariki tunachagua Lubumbashi, na saa inatulia, saa mbili mbele ya ile ya Greenwich, saa moja mbele ya Kinshasa, saa moja nyuma ya Uganda. Ila ukilifuata jina hilo la Lubumbashi mpaka kwenye hifadhidata inakotoka, utakuta kwamba nalo halina maelezo yake lenyewe. Limefungwa kwenye Maputo. Mji mkuu wa Msumbiji ndio uliobeba maelezo ya saa, na Lubumbashi, Kigali, Bujumbura, Lusaka, Harare, Blantyre na Gaborone ni majina yanayokufikisha pale pale. Kinshasa nayo imefungwa kwenye Lagos. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Albert wameandikwa Kampala, na Kampala imefungwa kwenye Nairobi, pamoja na Dar es Salaam, Mogadishu na Addis Ababa.

Hakuna dharau katika mpango huo. Hifadhidata hiyo ya saa ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na kwa muda mrefu sasa inasimamiwa na Paul Eggert. Kanuni yao ni kwamba sehemu ambazo saa zao zimekwenda pamoja tangu mwaka 1970 hazihitaji maelezo mawili, yanatosha maelezo mamoja yenye majina mengi. Simu nyingi zilizo mifukoni mwenu sasa hivi zinasoma hifadhidata hiyo hiyo. Majina ya namna hiyo, yanayokufikisha kwenye maelezo ya jina jingine, huitwa viungo. Kwa hiyo kila mmoja wenu anatumia viungo tangu asubuhi, hata kama hajawahi kuvisikia.

Ninachotaka mwondoke nacho leo ni kimoja: katika kompyuta, jina ni kitu kimoja na faili ni kitu kingine. Anayevichanganya hufuta alichotaka kukitunza, na hubeba kitupu akidhani amebeba mali.

Tuingie ndani ya diski. Katika mfumo wa mafaili wa Linux, kama ule uitwao ext4 ambao kompyuta nyingi za Ubuntu huutumia, kila faili lina karatasi yake ndogo ya utambulisho. Wataalamu huiita ainodi. Karatasi hiyo ina namba. Imeandikwa nani mwenye faili, nani ana ruhusa ya kulisoma au kulibadilisha, ukubwa wake, lini lilibadilishwa mara ya mwisho, na vipande vya yaliyomo vimewekwa wapi katika diski. Kitu kimoja hakimo kabisa: jina la faili halikuandikwa humo.

Jina liko kwenye folda. Na folda yenyewe, ambayo kwenye kioo tunaiona kama mfuko wenye vitu ndani, kwa kweli ni orodha yenye safu mbili. Upande mmoja jina, upande wa pili namba ya ainodi. Unapobofya jina, kompyuta inasoma namba iliyo mbele yake, inakwenda kwenye karatasi yenye namba hiyo, na kutoka hapo inafika kwenye yaliyomo. Ndiyo maana unaweza kubadilisha jina la filamu nzito kwa kufumba na kufumbua. Hakuna kilichohamishwa. Kimebadilishwa kijistari kimoja katika orodha.

Mpango huu ni wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, ambako walianza kuunda mfumo wa Unix mwaka 1969. Kitabu chao cha kwanza cha maelekezo, cha mwaka 1971, tayari kina amri ya kulipa faili jina jingine na ya kuliondolea jina. Tangu mwanzo kabisa walitenganisha jina na faili. Naona huo ni mmoja wa uamuzi bora uliowahi kufanywa katika kazi ya kompyuta, kwa sababu umedumu zaidi ya miaka 50 bila kuhitaji kubadilishwa msingi wake.

Sasa, ikiwa folda ni orodha ya majina na namba, nini kinazuia majina mawili yasiandikiwe namba moja? Hakuna. Majina mawili yenye namba moja ndiyo tunayoyaita viungo vigumu. Tuseme muuguzi ana rejista ya chanjo, faili linaloitwa chanjo.ods, na analihitaji lionekane pia katika folda ya ripoti. Anaandika amri ya herufi mbili, ln, kisha jina lililopo, kisha jina jipya: ln chanjo.ods ripoti/chanjo.ods. Hapo hakuna nakala iliyotengenezwa, na diski haikupungua nafasi kwa ajili ya yaliyomo. Akiandika ls -li chanjo.ods ripoti/chanjo.ods ataona majina yote mawili yana namba ile ile ya ainodi, na karibu nayo tarakimu 2, ambayo ni hesabu ya majina yanayolishika faili hilo.

Watu wengi huuliza: kati ya hayo mawili, lipi ni faili la kweli na lipi ni kiungo? Swali hilo halina jibu, na kulielewa hilo ni nusu ya somo lote. Jina la kwanza nalo lilikuwa kiungo kigumu tangu lilipozaliwa. Kila jina la faili katika diski ni kiungo kigumu. Hakuna mkubwa na mdogo, na mfumo haukumbuki lipi lilitangulia. Ukifuta la kwanza, la pili linabaki na rejista nzima, bila pengo. Hesabu inashuka kutoka 2 hadi 1, basi.

Faili linaondoka lini, kwa hiyo? Linaondoka hesabu ya majina inapofika sifuri na hakuna programu iliyolifungua. Naomba msilipite upesi hilo sharti la pili, maana linawatesa sana wanaosimamia seva zenye diski ndogo. Diski imejaa. Msimamizi anapata faili kubwa la kumbukumbu za programu, analifuta, anaangalia tena: diski bado imejaa. Anaanza kulaumu diski. Kumbe programu iliyokuwa ikiandika humo bado imelishika faili, ambalo sasa halina jina lolote lakini lingali hai. Aisimamishe programu hiyo na kuiwasha upya, na nafasi itarudi mara moja. Amri ya df, inayohesabu nafasi ya diski, itakuwa imesema kweli muda wote, na amri ya du, inayohesabu kwa kufuata majina, nayo itakuwa imesema kweli. Zilikuwa zinahesabu vitu viwili tofauti.

Kiungo kigumu kina mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba hakivuki diski. Namba ya ainodi ina maana katika jedwali lake tu. Namba 131842 katika diski ya ndani na namba hiyo hiyo katika diski ya nje ni karatasi mbili zisizohusiana hata kidogo. Ukijaribu kuvuka, kompyuta inakataa. Wa pili ni kwamba, kwa kawaida, hakitengenezwi kwa folda. Folda ingeweza kujikuta ndani ya folda iliyomo ndani yake yenyewe, na programu inayotembea kutoka folda hadi folda, kama ile ya kutafuta au ya kunakili, ingezunguka bila kufika mwisho. Mfumo wenyewe tu ndio ulioruhusiwa: zile nukta moja na nukta mbili zilizomo katika kila folda, moja ikimaanisha folda hii na ya pili folda ya juu yake, ni viungo vigumu vya folda. Apple walilegeza sharti hilo mwaka 2007 kwa ajili ya programu yao ya Time Machine, lakini hiyo ilikuwa njia yao wenyewe tu.

Mipaka hiyo miwili ndiyo iliyoleta aina ya pili, kiungo cha ishara. Katika ukoo wa Unix kilienea kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la mfumo wao liitwalo 4.2BSD, mwaka 1983. Kiungo cha ishara ni faili dogo lenye ainodi yake na namba yake, na yaliyomo ni maneno tu: njia ya kufikia jina jingine. Hakishiki faili. Kimeshika jina. Unakitengeneza kwa ln -s. Kinavuka diski, kinaelekeza kwenye folda, na hata ukikiandikia jina lisilokuwepo, kitakubali bila kukuuliza. Ni chepesi mno: katika ext4, njia isiyofika baiti 60 inaandikwa ndani ya ainodi yenyewe, haihitaji kipande kingine cha diski. Na ili viungo vinavyoelekezana visizunguke milele, Linux inafuata viungo 40 tu katika kutafuta jina moja, kisha inasimama na kutoa kosa.

Wazee wa Kilo mtanielewa haraka nikichukua mfano wa hapa. Dhahabu ilionekana katika kijito cha Agola mwaka 1903, na uchimbaji ukaanza mwaka 1905. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Société des Mines d'Or de Kilo-Moto, Sokimo. Mwaka 1966 ikawa Okimo. Miaka mingi baadaye jina la Sokimo likarudi, safari hii kwa chombo kilichoundwa upya kisheria, Société Minière de Kilo-Moto. Sasa tuseme karani mmoja wa mwaka 1950 aliandika pembeni mwa barua kwamba hati ya shamba fulani iulizwe Sokimo. Mtu aliyeisoma barua hiyo mwaka 1975 alitafuta jina hilo asilione. Anayeisoma leo atalipata jina, atabisha hodi, na atakuwa amefika kwenye chombo ambacho karani yule hakukijua. Barua haikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kile ambacho jina linakisimamia, na barua haina namna ya kumwonya msomaji.

Kiungo cha ishara kiko hivyo hivyo. Jina likiondolewa, kinabaki kinaelekeza pasipo na kitu. Watu wa kazi hii husema kimevunjika. Jina likirudi likiwa na faili jingine, kinafufuka na kukupeleka kwenye faili hilo jingine, kimya kimya. Tabia hiyo ya pili ni hatari kwa mtunza kumbukumbu. Lakini hiyo hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, na kuionyesha narudi kwenye saa.

Tarehe 1 Februari 2021 jirani zetu wa Sudan Kusini walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, wakatoka kwenye saa ya Nairobi na kuingia kwenye saa tunayotumia sisi hapa Ituri. Wenye kusimamia hifadhidata walibadilisha maelezo ya Juba, mji mkuu wao, na kompyuta duniani kote zikaanza kupokea masahihisho. Fikirini kompyuta tatu zilizokuwa Juba siku hizo. Ya kwanza, fundi wake alinakili faili la Juba na kuliweka mahali ambapo mfumo husoma saa, yaani /etc/localtime. Ya pili, fundi alitengeneza kiungo kigumu. Ya tatu, kiungo cha ishara.

Masahihisho yalipofika, ya kwanza haikupata kitu. Nakala ni faili jingine kabisa, halijui kwamba lile lililonakiliwa limebadilika. Ya pili nayo haikupata kitu, na hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu tumesema kiungo kigumu ni faili lile lile. Ni kweli ni lile lile. Lakini programu ya masahihisho haiandiki juu ya faili la zamani. Inaandika faili jipya pembeni, lenye ainodi mpya, kisha inalipa jina la lile la zamani. Hufanya hivyo kwa hekima, ili umeme ukikatika katikati ya kazi usibaki na faili nusu. Jina la Juba sasa linaelekea kwenye ainodi mpya. Kiungo kigumu cha fundi kimebaki kimeshika ainodi ya zamani, na saa ya kompyuta hiyo iko mbele kwa saa moja. Ya tatu ilikuwa imeshika jina tu. Iliuliza jina la Juba, ikapata maelezo mapya, na saa ikawa sawa bila mkono wa mtu.

Ndiyo sababu Linux za siku hizi zinataka /etc/localtime iwe kiungo cha ishara. Na ipo sababu nyingine: kwa kusoma njia iliyoandikwa ndani yake, mfumo unajua umewekwa katika eneo gani. Ukiandika readlink /etc/localtime kwenye kompyuta ya hapa iliyowekwa vizuri, utaona njia inayoishia na Africa/Lubumbashi. Nakala isingeweza kukujibu swali hilo kwa urahisi hivyo, maana katika hifadhidata Lubumbashi na Maputo yaliyomo ni mamoja. Siku serikali yetu ikiamua kubadilisha saa ya mashariki, Lubumbashi itafunguliwa kutoka Maputo na kupewa maelezo yake, na kila kompyuta yenye kiungo cha ishara itafuata.

Kanuni ninayowafundisha wanafunzi wangu ni fupi. Unapotaka yaliyomo haya yasipotee, hata jina likibadilika, tumia kiungo kigumu. Unapotaka chochote kilicho chini ya jina hili leo na kesho, tumia kiungo cha ishara.

Kuna kosa moja katika kutengeneza viungo vya ishara ambalo sharti nilitaje, kwa sababu linarudi kila mwaka. Njia inayoandikwa ndani ya kiungo inaweza kuanzia kwenye mzizi wa mfumo, au inaweza kuanzia pale kiungo kilipo. Hii ya pili haihesabiwi kutoka folda uliyosimama wewe unapoandika amri. Inahesabiwa kutoka folda ambamo kiungo kinakaa. Mwanafunzi anasimama katika folda moja, anaandika kiungo cha kuwekwa katika folda nyingine, njia inaonekana sahihi machoni pake, na kiungo kinazaliwa kimevunjika. Ingia kwanza katika folda ambamo kiungo kitakaa, ndipo uandike amri. Na njia ya aina hii ndiyo inayofaa kwa diski ya nje: kiungo na faili vikiwa pamoja katika diski hiyo, vitaendelea kuonana hata diski ikichomekwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ambayo itaipa njia tofauti.

Diski za kubebwa ndizo zinazonifanya nione somo hili ni la lazima kwa watu wa Ituri kuliko kwa wengi. Mnajua tumepitia nini. Vita vya 1999 hadi 2003, kisha tangu Desemba 2017 eneo letu la Djugu likaungua tena, na familia nyingi zikakimbilia Bunia na ng'ambo ya ziwa. Mwenye kutunza rejista za parokia, orodha za shule au sauti za wazee zilizorekodiwa, akisikia hatari, hubeba flashi au diski ya nje. Hana muda wa kukagua. Basi lazima ajue mapema ni nini hasa kitakachoingia humo.

Tuanze na Windows, maana ofisi nyingi zinaitumia. Zile alama zenye mshale mdogo, ziitwazo njia za mkato, si viungo vya ishara. Ni mafaili ya kawaida yenye mwisho wa .lnk, ambayo yanaeleweka na kivinjari cha mafaili cha Windows na programu chache tu. Windows ina viungo vigumu vya kweli katika mfumo wake wa NTFS, na viungo vya ishara tangu toleo la Vista, vinavyotengenezwa kwa amri ya mklink. Njia ya mkato ni kitu kingine. Ukiiburuta hadi kwenye flashi, umebeba anwani yenye kilobaiti chache, na rejista imebaki mezani. Kabla ya kuchomoa flashi tazama ukubwa wa faili. Rejista ya miaka mitano haiwezi kuwa na kilobaiti mbili.

Tena vipo virusi vya flashi vinavyotumia udanganyifu huo huo. Vinaficha folda zako za kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mtu anaona mishale, anabofya, virusi vinaenea, na anaambiwa na kijana wa saiberi kwamba kila kitu kimepotea na flashi ifutwe. Usikubali ifutwe. Mara nyingi folda zako zimo, zimefichwa tu. Kwenye kompyuta safi, amri ya attrib -h -r -s ikiongezewa /s /d inazirudisha zionekane, kisha hizo njia za mkato zinaondolewa na antivirusi inapita. Ukifungua flashi hiyo kwenye Linux utaziona folda zote bila amri yoyote, kwa kuwa Linux haiheshimu ufichaji huo.

Kwa Linux hali ni nyingine. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haijui kiungo kigumu wala cha ishara. Ukinakili folda yenye viungo vya ishara kwa cp -r, kompyuta italalamika kwa kila kiungo na kukiruka. Angalau hapo umeonywa. Hatari kubwa iko kwenye diski ya nje yenye ext4: humo viungo vinanakiliwa salama kabisa, kama viungo, bila lalamiko. Ukiwa bado nyumbani, unabofya vile vyenye njia inayoanzia kwenye mzizi na vinafunguka, kwa sababu mafaili yapo kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Ukifika Bunia au Kampala, vyote vimevunjika. Anayebeba kumbukumbu atumie cp -rL, au rsync -aL. Hiyo herufi L inauambia mfumo ufuate kila kiungo na kubeba yaliyomo.

Viungo vigumu havileti hatari ya kubeba kitupu, maana kila jina ni faili kamili. Vinaleta uzito. Ukituma folda kwa rsync -a bila herufi H, faili lenye majina kumi litaandikwa mara kumi upande wa pili, na diski iliyotosha haitatosha.

Na hapo hapo kwenye rsync, programu iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, ndipo penye matumizi ya viungo vigumu ninayoyapenda kuliko yote. Ina chaguo liitwalo --link-dest. Kila siku unatengeneza folda mpya ya akiba. Faili lililobadilika linanakiliwa. Lisilobadilika linapewa kiungo kigumu kwenda kwenye akiba ya jana. Ukifungua folda ya siku yoyote unaiona kamili, kana kwamba ulinakili vyote. Chukua kituo cha redio chenye gigabaiti 40 za vipindi, na kila siku kinaongeza megabaiti 200. Nakala kamili za siku saba zingetaka gigabaiti 284 na kidogo. Kwa viungo vigumu zinatosha 41 na kidogo. Ukifuta folda ya siku ya kwanza, za siku nyingine hazipungukiwi, kwa sababu ya ile hesabu ya majina tuliyoieleza. Mahali ambapo diski mpya ni mshahara wa mtu, hiyo si tofauti ndogo.

Ila nawasihi, msidhani kwamba kulipa faili majina mawili ndani ya diski moja ni kuliwekea akiba. Majina ni mawili, yaliyomo ni mamoja. Mtu akiandika upuuzi ndani ya rejista kwa jina la kwanza, upuuzi huo utausoma kwa jina la pili. Diski ikifa, majina yote yanakufa nayo. Na baadhi ya programu za kuandikia, zinapohifadhi, hutengeneza faili jipya na kulipa jina la zamani, kama tulivyoona kwa saa ya Juba, kwa hiyo majina mawili yaliyokuwa kitu kimoja asubuhi yanaweza kuwa mafaili mawili jioni, na hakuna aliyekuambia. Akiba ya kweli iko kwenye diski nyingine, na diski hiyo iko katika nyumba nyingine, ikiwezekana katika mji mwingine.

Walimu wa kompyuta, msiwafundishe vijana kubofya tu. Wafundisheni ls -li katika wiki ya kwanza, wazione namba kwa macho yao. Na nyinyi mnaotunza rejista za wagonjwa, hati za mashamba na sauti za wazee wetu, nawaomba jambo moja mkirudi kazini: fungueni diski yenu ya akiba kwenye kompyuta ambayo si ile mliyonakilia, andikeni find, kisha njia ya diski hiyo, kisha -xtype l. Amri hiyo inaorodhesha kila kiungo cha ishara kilichovunjika. Kila jina litakalotokea ni faili ambalo hamnalo, basi lifuateni na mlinakili upya sasa, wakati kompyuta lilikobaki ingali inawaka.